Burudani na Kiasi Chake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, aliyeujaalia usiku uwe wa kupumzikia na mchana uwe wa kutafutia maisha. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, Mtume wake na mja wake, pamoja na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni na kujiusia nafsi yangu kumcha Mola wetu kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu Waislamu, na nyinyi wasikilizaji mlioko majumbani. Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo halikosekani karibu katika nyumba yoyote: mapenzi ya filamu, ya michezo ya video na ya vitabu vya hadithi. Baba hupenda filamu za mapigano, mama hufuatilia tamthilia, kijana ana mchezo wake ndani ya simu, na binti anasoma riwaya chini ya chandarua. Wako wazazi wanaosema kwamba yote hayo ni upotevu mtupu. Na wako vijana wanaojibu kwamba hakuna ubaya wowote. Kila upande una sehemu ya ukweli, na kila upande una sehemu iliyosahau.

Kwanza tuiseme haki ya burudani. Dini yetu haikuja kuufunga moyo usifurahi. Katika hadithi iliyo sahihi, Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kwamba siku ya Idi Wahabeshi walikuwa wakicheza kwa mikuki na ngao msikitini, na Mtume (s.a.w.) akasimama akimsitiri kwa shuka lake ili yeye apate kuwatazama. Hakumharakisha. Alisimama naye mpaka alipoona amechoka kutazama, kisha akamwuliza kama imemtosha. Bibi Aisha akajibu kwamba imemtosha, na Mtume akamwambia basi aende.

Wala hadithi za kusimuliwa si adui wa dini. Qur'ani yenyewe inatusimulia habari za Mitume, na kisa cha Nabii Yusuf kimekusanywa katika sura moja tangu ndoto ya utotoni hadi kukutana na wazee wake. Kitabu cha Kalila na Dimna, ambacho wanyama ndani yake huzungumza kama watu, kilitiwa katika Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, na tangu hapo kimesomwa na Waislamu kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, ukimkuta mwanao ameinamia kitabu cha hadithi, usianze kwa kumkemea. Anza kwa kumwuliza anasoma nini.

Lakini, ndugu zangu, litazameni vizuri lile swali la Mtume (s.a.w.): je, imekutosha? Mchezo ule wa Wahabeshi ulikuwa na mwanzo, ulikuwa na mwisho, na mtazamaji aliulizwa kuhusu kutosheka kwake. Hapa ndipo penye tofauti kubwa kati ya burudani za jana na nyingi za leo.

Wazee wetu wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam walikuwa mashabiki wakubwa wa sinema. Filamu ya Awaara ya mwaka 1951, aliyoicheza Raj Kapoor, iliwavuta watu wengi wa mwambao huu. Lakini filamu ilipokwisha, taa ziliwashwa, milango ikafunguliwa na watu wakarudi makwao. Msomaji wa Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1960, alimfuata Bwana Msa mpaka fumbo likafumbuliwa, kisha akafika ukurasa wa mwisho na kukifunga kitabu. Hata mchezo wa bao barazani huisha: mmoja hushinda, mwingine hufungwa, na adhana ikiadhiniwa kete huachwa.

Sasa angalieni mchezo wa Tetris, uliobuniwa Moscow mwaka 1984 na mtaalamu aitwaye Alexey Pajitnov. Vipande huanguka, mchezaji huvipanga, na kadiri anavyofaulu ndivyo vinavyozidi kuanguka kwa kasi. Kwa asili yake hauna mahali pa kusema umeshinda, basi nenda zako. Humalizika tu kwa kushindwa, na aliyeshindwa hutaka kujaribu tena. Tamthilia za siku hizi nazo, sehemu moja ikiisha, baada ya sekunde chache inaanza nyingine yenyewe, bila ya mtazamaji kunyanyua kidole. Mwaka 1997 ilianzishwa huko Marekani kampuni ya filamu iitwayo Netflix. Mwaka 2017 mkuu wake, Reed Hastings, alisema hadharani kwamba kampuni yake inashindana na usingizi. Lipimeni neno hilo, enyi waja wa Mwenyezi Mungu. Mfanyabiashara amesema waziwazi anachokitaka kutoka kwako: anautaka usiku wako.

Na usiku huo una wenyewe. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akichukia kulala kabla ya sala ya Isha na kukaa kuzungumza baada yake. Wanazuoni wamefafanua kwamba mazungumzo yenye manufaa, kama vile kusoma elimu, kumkirimu mgeni au kuzungumza na ahali yako, hayamo katika karaha hiyo. Kinachochukiwa ni mkesha usio na haja, kwa kuwa humpokonya mtu sala ya Alfajiri. Basi mchezo wa saa nane za usiku huanza kutudai saa kumi na moja, pale mwadhini anapoita na mwili haunyanyuki.

Kumbukeni pia kisa cha Salman na Abu Dardai (r.a.). Abu Dardai alitaka kusimama usiku kucha akisali. Salman alikuwa mgeni wake, akamwambia alale. Alipotaka tena kusimama, akamwambia tena alale. Usiku ulipofika mwishoni, Salman akamwamsha, wakasali pamoja. Kisha akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani kwake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari hiyo ilipomfikia Mtume (s.a.w.), alimsadikisha Salman. Ikiwa sala ya sunna haikuruhusiwa kuila haki ya usingizi na ya ahali, je, mchezo wa simu uruhusiwe?

Si sisi watu wa misikitini peke yetu tuliolitambua jambo hili. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipitisha toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, nayo ikaanza kutumika Januari 2022. Humo imetajwa hali ya kutawaliwa na michezo ya video. Alama zake ni tatu: mtu kushindwa kuutawala mchezo wake, mchezo kutangulizwa mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea nao hata pale madhara yanapodhihirika. Kwa kawaida hutazamwa hali iliyodumu kiasi cha miezi 12, na shirika hilo limeeleza kwamba wanaofikia hapo ni wachache miongoni mwa wachezaji. Basi tusimwite kila kijana mgonjwa. Lakini mwenye kuziona alama hizo kwake au kwa mwanawe asizifiche.

Kisha kuna mlango mwingine, nao ni wa haramu iliyo wazi. Katika baadhi ya michezo huuzwa masanduku ya bahati: mtoto hulipa fedha bila ya kujua atapata nini, akitaraji kitu cha thamani. Nchini Ubelgiji, tume inayosimamia kamari ilitamka mwaka 2018 kwamba masanduku hayo, katika baadhi ya michezo mashuhuri, ni kamari kwa sheria ya nchi hiyo. Na sisi tunajua kwamba Mwenyezi Mungu ameitaja kamari pamoja na ulevi katika Suratul Maida, akabainisha kwamba shetani hutumia viwili hivyo kutia uadui baina ya watu na kuwazuia wasimkumbuke Mola wao wala wasisali. Mzazi anayemwachia mtoto simu yenye fedha ndani yake ajue anamwachia nini.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwangu na kwenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

(Hotuba ya pili)

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Ndugu Waislamu, dawa ya jambo hili si kuvunja simu wala kuchoma vitabu. Baba anayepiga marufuku kila kitu nyumbani humfukuza mwanawe kwenda kwenye kibanda cha mtaani, ambako hakuna wa kumwuliza swali lolote. Dawa ni kuirudishia burudani mwisho wake.

Kabla ya kuwasha chombo, semeni mwisho ni wapi: filamu moja, mechi mbili, au sura tatu za kitabu. Zima ile hali ya tamthilia kujiendeleza yenyewe. Enyi vijana, mnajua kwamba mchezo wa kucheza peke yako husimamishwa kwa kidole kimoja, lakini mchezo wa kushindana na watu kwa njia ya intaneti hausimamiki katikati. Basi huo msiuanze Magharibi ikiwa imekaribia, mkaja kusema hamkuweza kuuacha. Na baada ya Isha, simu zilale sebuleni, watu walale vyumbani.

Nanyi wazazi, jitangulizeni. Baba hawezi kumwamuru mwanawe alale naye amekodoa macho kwenye mpira wa Ulaya hadi usiku mkubwa. Kaeni pamoja nao mara moja moja, mwone wanachokitazama, mwulize kisa kimewafundisha nini. Mtume (s.a.w.) hakumwacha Bibi Aisha atazame peke yake; alisimama naye. Aliyesimama nawe tangu mwanzo ndiye mwenye haki ya kukuuliza, bila ya ukali, kama imekutosha. Na kijana aliyelelewa kwa swali hilo atafika siku ajiulize mwenyewe, chumbani, pasipo mtu wa kumwona ila Mola wake.

Ewe Mwenyezi Mungu, tubarikie nyakati zetu, uzilinde nyumba zetu na macho ya watoto wetu. Tujaalie furaha isiyotusahaulisha Wewe, na usingizi utakaotuamsha kwa sala. Waghufirie wazazi wetu na Waislamu wote, wanaume na wanawake, walio hai na waliotangulia. Amin.

Wassalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakaatuh.