Mapenzi ya Wanafunzi Wadogo na Sheria za Darasani
(Maelezo kwa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za Haki na Amani za parokia)



Waheshimiwa viongozi wa walei, akina mama wa WAWATA, makatekista na walimu mliomo humu, nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo wengi hulichekea vikaoni na kulilia nyumbani. Mvulana wa darasa la sita amwandikiapo msichana barua, mwalimu afanye nini? Nimefundisha dini mashuleni kwa miaka kadhaa, na mengi ya nitakayosema ni ya mwalimu kuliko ya padre.

Mtoto wa miaka 12 anayemwazia mwenzake, na kuandika jina lake kwenye jalada la daftari, hajatenda kosa lolote. Mwili wake unaamka, na aliyeuumba ndiye aliyepanga uamke. Biblia yetu ina kitabu kizima, Wimbo Ulio Bora, kinachoimba mapenzi ya mwanamume na mwanamke, wala Kanisa halikuona haya kukihifadhi. Yohane Paulo wa Pili, katika Familiaris Consortio ya mwaka 1981, aliwakumbusha wazazi kwamba malezi ya mambo hayo ni haki na wajibu wao wa kwanza. Papa Fransisko naye aliitetea elimu hiyo katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016. Huku kwetu wazazi wamemwachia mwalimu, na mwalimu, mwenye watoto sabini na vipindi vinane, ameiachia fimbo.

Hata hivyo darasa haliwezi kukaa bila sheria. Kuzuia vikaratasi visipitishwe wakati wa hesabu ni kuwatendea haki wale wanaotaka kujifunza. Kuzuia kushikana-shikana na matani machafu ni ulinzi, hasa wa msichana ambaye hakuyataka. Lakini sheria ilenge tendo. Mwalimu anayetangaza kwamba ni marufuku kupitisha barua anaweza kuisimamia amri yake; anayetangaza kwamba ni marufuku kupenda anawafundisha watoto kuficha tu. Na mtoto aliyezoea kumficha mwalimu mambo madogo hatamwambia lile kubwa litakapomfika.

Kuna desturi moja ambayo naomba tuikatae kabisa: kuisoma barua ya mtoto mbele ya darasa. Katika shule moja, ambayo sitaitaja, ilisomwa barua ya mistari minne. Mwandishi alikuwa mvulana, lakini aliyechekwa njia nzima hadi nyumbani ni msichana aliyeandikiwa, naye hakuwa amejibu hata neno. Alikaa nyumbani majuma mawili. Nauliza: yeye alivunja sheria gani?

Ama viboko, vina masharti yake, ingawa ni wazazi wachache wanaoyajua. Kanuni za mwaka 2002 ziliweka kwamba visizidi vinne; kwamba huvitoa mkuu wa shule, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi; kwamba msichana huadhibiwa na mwalimu wa kike au mkuu wa shule; na kwamba kila adhabu iandikwe kitabuni. Mjumbe wa kamati ya shule ana sababu njema ya kukiulizia kitabu hicho.

Sasa nije kwenye lile linaloniumiza. Ukali wetu wote tumeumalizia kwa watoto wawili waliochekeana, huku mtu mzima akipita pembeni. Tangu shule za kata zilipoenea, kuanzia miaka ya 2004 na kuendelea, mabinti wa Mbulu na Hanang wanaotoka mbali hupanga vyumba karibu na shule. Huviita geto. Humo binti wa miaka 14 hupika mwenyewe, hulala mwenyewe, na unga ukiisha katikati ya juma hana wa kumwambia. Anayemletea unga, au kumpakia bure kwenye pikipiki, hamwandikii barua. Yuko pia mwalimu ambaye mwanafunzi amemwelekezea moyo wake. Kwa mtoto ni jambo la umri, litapita. Mwalimu akilitumia ni jinai, wala asijitetee kwamba binti ndiye aliyeanza.

Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 haitambui ridhaa ya binti aliye chini ya miaka 18. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi. Mwaka huohuo Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti aolewe kabla ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba. Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019.

Lakini kesi ngapi hufika huko? Wazee huketi, ng'ombe hutajwa, shauri huisha. Nasema kwa uchungu kwamba mara nyingine kati ya wanaoketi yumo mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo.

Mila zetu zina pande mbili hapa. Kwa Wairaqw wa zamani, binti aliyepata mimba kabla ya kuolewa alitengwa na watu wake, kwa hofu kwamba angeleta balaa juu ya nyumba na nchi. Shule ilirithi ukali uleule: kwa miongo mingi mwenye mimba alifukuzwa, mpaka Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 ulipomfungulia mlango wa kurudi. Kwa upande mwingine, Wabarabaig wanalo baraza la akina mama lenye nguvu ya kumshtaki mwanamume aliyewakosea wanawake na kumtoza faini ya ng'ombe. Mila hiyo inajua kumtafuta mkosaji halisi.

Naziomba kamati za parokia zifanye haya kabla ya muhula ujao. Ziorodheshe magheto yote yaliyo katika eneo la kila jumuiya, na akina mama wawili wapangiwe kuyatembelea kila juma, wakiuliza kwanza habari ya unga. Walimu Wakatoliki wakutane wasome pamoja sheria za shule zao. Na kiongozi yeyote wa walei atakayeitwa kushuhudia ng'ombe wa kumaliza shauri la mwanafunzi, asiende huko. Aende polisi au ustawi wa jamii, na aje anione siku hiyohiyo, hata usiku.