Kahawa Yako Itaulizwa Ilikotoka
Hotuba ya afisa wa kilimo kwa wakulima wa kahawa



Nimekuja na jambo moja. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kwamba kahawa inayouzwa huko isitoke kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini sheria haijafutwa. Tusilale.

Wengi wetu hatujakata msitu. Mibuni hii tuliirithi. Lakini mnunuzi hatosheki na neno letu. Anataka kujua shamba liko wapi. Shamba lisilozidi hekta 4, yaani kama ekari 10, linahitaji alama moja tu ya mahali lilipo, na simu inaweza kuichukua. Likizidi hapo, mipaka yote huchorwa.

Shida yetu ni vitabu visivyosomana. Karani wa mizani kiwandani ana nambari yako ya uanachama, ofisi ya ushirika ina jina la marehemu baba, na kinu kina nambari ya shehena pekee. Kahawa yako ikichanganywa na ya shamba lisilojulikana, shehena nzima hukosa soko la Ulaya. Uzembe wa mmoja huwagharimu wote.

Kwa hivyo nendeni ofisi ya chama chenu na kitambulisho na nambari ya uanachama. Sahihisheni majina. Hakikisheni shamba limeandikishwa. Na kila mkipeleka kahawa, tunzeni risiti.