Shamba la Ukoo na Samadi Yake



Mkulima anayeotesha nyanya na mchicha ukingoni mwa Ziwa Victoria, kwa ajili ya soko la Mwanza, hulima kishamba kidogo kisichopata kupumzika. Je, mjukuu wake atakirithi kikiwa na rutuba gani? Swali hilo walikabiliana nalo zamani wakulima wa kisiwa cha Ukara, kaskazini ya Ukerewe, ingawa zao lao kuu lilikuwa uwele, wala si mboga.

Katika miaka ya 1960 kila kilometa ya mraba ya Ukara ilikuwa na watu zaidi ya 200. Shamba lilikuwa mali ya mtu: liliuzwa, lilinunuliwa, na wana waligawiwa. Mirathi ya namna hiyo hukata ardhi vipande vipande, na kipande kisicholishwa hufa.

Kwa sababu hiyo Wakara waliilisha ardhi. Ng'ombe walifungwa ndani ya nyumba na kuletewa majani, mengine yakiwa yamepandwa makusudi karibu na maji. Samadi ilichukuliwa hadi shambani. Katikati ya uwele yalipandwa marejea, kisha yakafukiwa udongoni yawe mbolea. Baadaye zikafuata njugu mawe. Kazi nzito hiyo, tena haina likizo.

Wako wasemao kwamba bidii hiyo ni tabia ya kabila. La hasha. Wakara waliohamia bara, kulikokuwa na ardhi tele, waliacha samadi wakalima kama majirani zao. Ujuzi walikuwa nao. Haja ya kuutumia ndiyo iliyotoweka.

Ushirika ni mdogo kwa umri kuliko mashamba hayo. Shirikisho la vyama vikuu vya kanda ya Ziwa liliundwa mwaka 1955. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa, na sheria ya 1982 ikavirudisha. Daftari lilifungwa likafunguliwa. Ng'ombe hakungojea sheria. Alidai majani yake kila jioni.

Basi katibu akikuta daftarini jina la baba, ilhali shamba limekwisha kugawanywa kwa wana watatu, haitoshi kubadili jina. Hapana budi aulize pia samadi itatoka wapi. Kwa mkulima wa mboga jambo hili ni kali zaidi, maana kabichi hula udongo kuliko uwele, na kishamba cha ufukoni kikigawanywa mara mbili hakibaki na mahali pa kumfunga ng'ombe.