Vijana Wameleta Mawazo, Sisi Tuwape Majembe

(Hotuba ya mwinjilisti siku ya pili ya maadhimisho, Kigoma, mbele ya vijana na viongozi wa ushirika)

 

Ndugu zetu wa Bujumbura na Rumonge, wa Uvira na Kalemie, wa Mpulungu, na ninyi mliotoka mbali zaidi, Goma, Kampala na Nairobi, karibuni Kigoma, mwisho wa reli. Mjisikie nyumbani.

Jana mchana vijana walikaa katika makundi manne. Waliulizwa swali moja tu: Huko kwenu mazingira yanaumwa nini, na ninyi mnataka kufanya nini? Karatasi zao ninazo hapa mkononi. Nimeambiwa niseme neno juu ya karatasi hizi, nami nimezisoma zote usiku. Sitazipaka sukari. Yaliyo mazuri nitasema ni mazuri, na yanayohitaji kupikwa zaidi nitasema yarudi jikoni. Tuko pamoja?

Ziwa moja, nchi nne

Wapendwa, kabla ya mawazo, tutazame ugonjwa wenyewe. Ziwa letu Tanganyika lina nchi nne: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Kina chake kinafika karibu mita 1,470. Maji yasiyo na chumvi yaliyo juu ya uso wa dunia yote, karibu sehemu moja katika sita yako humu. Mungu ametupa mali, jamani!

Lakini ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga pale Kalemie. Maji mengi hayatoki kwa mlango huo, yanapanda juu kama mvuke. Sasa niulizeni: plastiki inapanda kama mvuke? Haipandi. Chupa ikitupwa mtaroni hapa Kigoma au pale Bujumbura, ikishuka ziwani imefika kukaa. Mtoto wa mtoto wako ataikuta, labda imevunjika vipande vidogo ndani ya samaki.

Na vilima vyetu? Mwaka 2020 mto Rusizi ulivunja kingo, Gatumba ikafunikwa na maji. Mwezi huohuo wa Aprili mafuriko yakapita Uvira. Mwaka 2024 ziwa lilipanda, nyumba za ufukweni Bujumbura na Kalemie zikaingia maji. Mvua ilikuwa kubwa, hilo ni kweli, na mvua hatuitawali. Ila kilima kisicho na miti kinaachia maji na tope vishuke kwa pamoja, na hilo la kukata miti ni mikono yetu. Humu ndani wako watu waliolala madarasani na kwenye mahema kwa sababu ya maji yale. Msiseme ni habari ya redio. Ni habari ya kiti cha jirani yako.

"Si Bwana anarudi?"

Kuna mzee mmoja, namheshimu sana, aliniuliza jana jioni: "Mwinjilisti, dunia hii si itapita? Tuhangaike na miti ya nini, tusihubiri tu?" Swali hilo liko mioyoni mwa wengi, kwa hiyo nalijibu hadharani kwa upendo.

Mzee wangu, mtu anayemngoja mgeni hufagia uwanja. Hajasikia mtu kwamba mgeni anakuja kesho, akaamua leo amwage taka mlangoni. Na mpangaji mwenye adabu hang'oi madirisha eti kwa kuwa mkataba unakwisha. Nyumba ina mwenyewe. Daudi katika Zaburi ya 24 anatukumbusha nchi hii ni ya nani. Mwanzo sura ya 2, kabla dhambi haijaingia, kabla hakujawa na kanisa wala dhehebu, mtu alipewa kazi ya kulima bustani na kuitunza. Hata vitani, Kumbukumbu la Torati sura ya 20, askari walikatazwa kuikata miti ya matunda ya mji waliouzingira. Kama adui haruhusiwi kukatiwa mwembe wake, sisi tunaikata miti yetu kwa ruhusa ya nani? Semeni Amina, hata kama inauma.

Tena, vijana wetu wanatutazama. Wakiona kanisa halina neno juu ya maji wanayokunywa na samaki wanaokula, watakwenda kulitafuta neno hilo mahali pengine. Mimi sitaki kuwapoteza kwa jambo ambalo Biblia imelisema ukurasa wa pili.

Wenzenu walianza na kidogo

Vijana, msidharau umri wenu. Malawi hapo jirani, wakati wa njaa ya mwaka 2001 na 2002, William Kamkwamba alikuwa kijana wa miaka 14 aliyeacha shule kwa kukosa ada. Akaenda maktaba ya kijijini, akasoma kitabu cha nishati, akatengeneza kinu cha upepo kwa vipande vya baiskeli na miti, nyumba yao ikapata taa. Uganda, Leah Namugerwa alipofika miaka 15 mwaka 2019, badala ya sherehe ya kuzaliwa alipanda miti 200. Nairobi, Nzambi Matee alichanganya taka za plastiki na mchanga, akatoa matofali ya kutandika njiani, na mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ukampa heshima ya vijana mabingwa wa dunia. Na mwaka 1991, wanafunzi 12 walikutana Dar es Salaam na Jane Goodall, yule mama wa sokwe wa Gombe hapa mkoani kwetu, wakaanza kundi la Roots & Shoots ambalo leo liko nchi nyingi. Kumi na wawili tu! Ninyi jana mlikuwa wangapi?

Karatasi zenyewe

Sasa nifungue karatasi.

Kundi la kwanza linasema: mikutano yetu isitumie chupa na vikombe vya kutupa. Tufanye hesabu. Mkutano wa watu 600, kila mtu chupa tatu kwa siku, siku tatu. Ni chupa 5,400! Serikali zetu zimeshaonyesha njia kwenye mifuko ya plastiki: Rwanda tangu 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019. Kanisa lisubiri polisi? Wazo lao ni kwamba kila mjumbe aje na kikombe chake, na pawekwe mapipa ya maji yaliyochemshwa, yenye mfuniko na koki. Hili naliunga mkono bila nyongeza. Halihitaji mfadhili, linahitaji tangazo.

Kundi la pili linataka mkaa wa taka. Ndugu zetu wa Kongo wanasema makala, hapa kwetu makala ni habari ya gazetini, kwa hiyo tuelewane, ni kitu kilekile cha jikoni. Wanasema Kigoma tuna makapi ya mawese, Rumonge nako vilevile, na kwingine kuna pumba za mpunga na magunzi ya mahindi. Unachoma kwenye pipa lenye hewa kidogo hadi yawe meusi, unasaga, unachanganya na uji wa unga wa muhogo ili yashikane, unakandamiza, unaanika hadi yakauke kabisa. Wazo zuri. Lakini hapa narudisha jikoni kidogo. Vijana, msianze kwa kuuza. Anzeni kwa kupika. Chukueni sufuria moja ya maharage, mpike kwa mkaa wa kawaida na kwa mkaa wenu, mpime muda na moshi. Mkaa usiokauka unatoa moshi, na mama akiumwa macho mara moja hatawanunulia tena. Mama zetu wa jikoni wawe ndio waamuzi, si ninyi wenyewe.

Kundi la tatu linataka kitalu cha miche kila kanisa, na mti kwa kila mtoto anayewekwa wakfu. Haleluya! Ila nawaomba kitu kimoja. Tumeshapanda miti mingi ya picha. Kiongozi anashika mche, kamera inalia, tunaimba, tunaondoka, mbuzi anakuja. Kwa hiyo msituletee idadi ya miche iliyopandwa. Mtuletee idadi ya miche iliyo hai baada ya miezi 12. Na pandeni vitu ambavyo mwenye shamba atavitetea mwenyewe, kama maembe na parachichi, na kando yake miti ya kuni. Mti wenye faida una mlinzi.

Kundi hilohilo limeongeza la maji ya mvua. Mvua ya milimita moja kwenye bati la mita moja ya mraba ni lita moja. Basi paa la kanisa la mita za mraba 200, mvua moja ya milimita 20, ni lita 4,000. Toa zinazopotea, bado zinabaki lita 3,000 za kumwagilia kitalu na kusafishia vyoo. Maji hayo leo yanachimba msingi wa kanisa na kushuka na tope ziwani. Bwana anatunyeshea bure, sisi tunakosa mfereji wa bati tu!

Kundi la nne ndilo lililonikosesha usingizi. Ni vijana wavuvi. Mnajua kuanzia tarehe 15 Mei 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kwa miezi mitatu, ili dagaa na migebuka wapate kuzaliana. Vijana hawa wameandika kwamba hawapingi kufunga ziwa. Wanajua samaki wamepungua, wanajua wako wanaovua kwa vyandarua vya mbu, wanazoa hata vifaranga. Wanachouliza ni hiki: "Ziwa likifungwa, nyumbani tunakula nini?"

Wapendwa, hapa amina za haraka hazisaidii. Kijana mwenye mke na watoto wawili ukimwambia atunze mazingira kwa siku 90 bila ugali, usiku ataingia ziwani kwa siri. Wao wenyewe wametoa njia. Kila kanisa la ufukweni liwe na mfuko, VICOBA kwa sisi Watanzania, chama kwa Wakenya, likelemba kwa ndugu wa Kongo. Mvuvi aweke kidogo kila wiki katika miezi ile tisa ya kazi, agawiwe miezi ile mitatu. Na miezi hiyo mitatu kanisa liwape kazi ya kitalu na ya mkaa wa taka kwa ujira. Mnaona walivyounganisha? Karatasi ya nne inabeba ya pili na ya tatu. Hakuna mfadhili aliyewafundisha. Ni Mungu na njaa.

Wao nao wameomba tuwatendee jambo moja sisi wanunuzi: mama wa kanisa akiletewa samaki wachanga sokoni, asinunue. Mvuvi hatavua asichoweza kuuza.

Neno kwa vijana, neno kwa wazee

Vijana, someni Nehemia. Alipofika Yerusalemu hakuanza na hotuba. Alitoka usiku, akazunguka ukuta, akatazama palipobomoka. Alipima kwanza, akasema baadaye. Na ukisoma sura ya 3, watu wengi walijenga mbele ya nyumba zao. Kwa hiyo usianze na moshi wa viwanda vya ng'ambo. Anza na mtaro ulio mbele ya kanisa lako.

Wazee wangu na wachungaji, nawaomba kwa heshima. Daudi alipotaka kwenda kwa Goliathi, Sauli alimvika mavazi yake ya vita. Nia ilikuwa njema, lakini kijana alishindwa hata kutembea. Tusiwavike vijana kamati zetu, mihuri yetu na barua zetu za miezi sita. Wanahitaji mawe matano. Kipande cha ardhi nyuma ya kanisa. Dakika kumi za matangazo Jumapili. Kiti kimoja katika baraza la wazee. Fungu dogo katika bajeti, hata kama ni la majembe na mbegu tu. Na la tano, kazi ikifanikiwa, sifa iwe ya Mungu na jina liwe lao.

Naomba tusiondoke hapa na shangwe peke yake. Kila tawi lichague karatasi moja, moja tu, lianze nayo. Kwenye maadhimisho yajayo, kabla kwaya hazijapanda, kijana mmoja wa kila nchi asimame hapa mbele aseme kwa tarakimu: miche hai mingapi, lita ngapi za maji, wavuvi wangapi walipita miezi mitatu bila kuingia ziwani kwa siri. Ikiwa ni sifuri, aseme sifuri, tumwombee na tumsaidie.

Mungu aliyetupa ziwa moja katika nchi nne atupe na moyo mmoja. Awabariki vijana wetu, awalainishe wazee wetu, aziponye nchi zetu.

Bwana Yesu asifiwe!