Mashine ya Kujenga na Mkate wa Fundi

Hotuba kwa wazazi na vijana wa chuo cha ufundi, Siku ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi



Ndugu wazazi, nanyi vijana wetu. Wengi wenu mmetuuliza: ikiwa siku hizi kuna roboti za kujenga, ya nini kumlipia mtoto karo ya uashi? Leo tungependa kulijibu swali hilo.

Ni kweli, roboti hizo zipo. Huko Australia kuna Hadrian X, mashine yenye mkono mrefu iliyofungwa juu ya lori. Mwaka 2018 ilisimamisha kuta za nyumba ya vyumba 3 vya kulala kwa muda usiofika siku 3. Hiyo haitumii mota, inashikanisha matofali kwa gundi. Marekani nako walitengeneza SAM: inachukua tofali, inalipaka mota, inaliweka ukutani. Lakini sikilizeni vizuri. Kando ya SAM lazima asimame mwashi. Yeye ndiye anayekwangua mota iliyozidi, na kona ni zake.

Basi tunaona nini hapo? Mashine imechukua ile kazi ya kuinua na kurudia-rudia. Akili ya fundi haijaichukua. Tena inataka matofali yanayolingana, barabara ya kupitisha lori, na pesa si haba. Mawe yetu ya kuchonga kwa mkono hayalingani, na wengi wetu tunajenga pole pole: ukiuza mahindi unaongeza mistari miwili, halafu unangoja.

Lakini tusilale. Atakayeumia kwanza ni yule anayejua kubeba na kupanga tu. Kwa hiyo wazazi, msiwatoe watoto chuoni. Na ninyi vijana, msitosheke na mwiko. Jifunzeni kusoma ramani, kupiga hesabu ya vifaa, kutumia timazi na pima maji bila kubahatisha. Kisha fanyeni mtihani wa gredi mpate cheti.

Kwenu wenye miradi: mwaka 1981, katika barua yake Laborem Exercens, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alifundisha kwamba tekinolojia ni rafiki wa mwanadamu, ila yaweza kugeuka kama adui ikimnyang'anya kazi. Mashine ikimtua kibarua mzigo mgongoni, tutashukuru. Ikimwacha nje ya geti bila kufundishwa kazi nyingine, hapo hatutanyamaza.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.