Mifupa, Madaraja na Kompyuta Kuu

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kalenga)



Nimeombwa niseme juu ya sayansi, na nimeonywa nisizidishe robo saa kwa kuwa wali unapoa. Mimi ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ya kila siku ni kukagua mahesabu ya madaraja na makaravati. Mifupa si fani yangu. Lakini daraja na mfupa siku hizi vimekutana ndani ya mashine moja, na nchi yetu imo katika habari hiyo zaidi ya wengi wanavyojua.

Sisi wa Kalenga hatuna haja ya kufundishwa kuwa mfupa una habari ndani yake. Fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa hapa mwaka 1954, Gavana Twining alilichagua kule Bremen kwa kulinganisha vipimo vyake na vipimo vya vichwa vya jamaa wa Mtwa. Huo ndio ulikuwa ujuzi wa wakati ule: kupima kwa mkono na kulinganisha.

Sasa twendeni Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale visukuku vya dinosaria. Nasema Wajerumani, lakini waliochimba hasa walikuwa mamia ya wenyeji, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, na mizigo ilibebwa na watu kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mjusi mkubwa kuliko wote aliyepatikana pale alisimamishwa Berlin mwaka 1937, kimo chake zaidi ya mita 13. Mzee Boheti alisubiri mpaka mwaka 2007 ndipo jina lake likapewa dinosaria mmoja wa Tendaguru, Australodocus bohetii. Si mapema sana, ila tushukuru.

Katika mifupa ile yumo mnyama mwingine aitwaye Kentrosaurus, mwenye miiba mkiani. Mtaalamu mmoja, Heinrich Mallison, aliipima mifupa yake kwa mwanga wa leza, akaiingiza kwenye kompyuta, kisha akatumia programu iliyotengenezwa kwa ajili ya wahandisi wanaobuni mashine. Swali lake lilikuwa la kihandisi kabisa: mkia huu ukirushwa, unafika wapi na unapiga kwa nguvu gani? Jibu alilolitoa mwaka 2011 ni kuwa mkia ule uliweza kufagia karibu nusu duara nyuma ya mnyama, na miiba yake ilitosha kumuumiza vibaya adui.

Vijana wa fizikia, sikilizeni hapa. Daraja halihesabiwi lote kwa mkupuo. Tunaligawa kwenye kompyuta kuwa vipande vidogo, maelfu kwa maelfu, na kila kipande kinaandikiwa milinganyo yake: kinasukumwa na jirani yupi, kinavutwa na yupi, kinapinda kiasi gani. Kisha milinganyo yote hutatuliwa kwa pamoja. Mfupa wa paja nao ni nguzo inayobeba mzigo, taya ni wenzo. Kwa hiyo wataalamu wa visukuku walikuja wakaazima vyombo vyetu, na wamevitumia vizuri kuliko baadhi yetu.

Kumtembeza mnyama aliyekufa ni kazi kubwa zaidi. Bill Sellers wa Chuo Kikuu cha Manchester na wenzake huunda kiunzi ndani ya kompyuta, wakakitia viungo na misuli, halafu wakaiachia mashine ijaribu. Majaribio ya kwanza mnyama huanguka tu. Mashine hushika yale yaliyokwenda hatua mbili tatu, huyabadilisha kidogo, hujaribu tena, kama mama zetu wanavyochagua gunzi bora la mbegu kila mavuno, ila hapa mavuno ni maelfu. Ndiyo sababu inatakiwa kompyuta kuu, ambayo ndani yake ni kompyuta nyingi zilizogawana shamba moja kama watu wa ujima. Mwaka 2013 walimtembeza Argentinosaurus wa Amerika ya Kusini, waliyemkadiria tani 83, kwa mtambo wenye nguvu sawa na kompyuta za mezani 30,000. Na mwaka 2005 walikuwa wamekwisha kuuliza juu ya nyayo za Laetoli, kule Ngorongoro, zilizofukuliwa na kikosi cha Mary Leakey mwaka 1978: waliozikanyaga zaidi ya miaka milioni tatu na nusu iliyopita walitembeaje? Walitumia kiunzi cha Lucy wa Ethiopia. Jibu: walitembea wima barabara, si kwa kujikongoja.

Lakini msiiamini mashine kama mganga. Yule mjusi wa Berlin alikadiriwa mwaka 1995 kuwa na tani 74. Mwaka 2008 watafiti wakamshusha hadi tani 38. Mifupa ni ile ile. Kilichobadilika ni nyama ambayo binadamu alidhani ilikuwapo juu yake. Nami niliwahi kuletewa michoro ya daraja yenye rangi za kupendeza kutoka kwenye kompyuta, na hakuna aliyekwenda kuwauliza wazee wa kijijini maji ya masika hufika wapi. Niliirudisha.

Mitambo ya namna hii imefika Tanzania. India ilitusaidia kupata mmoja katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na mwingine katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Mifupa nayo haijaisha: kutoka bonde la Ziwa Rukwa, jirani zetu wa upande wa Mbeya, dinosaria mpya alitangazwa mwaka 2019 kwa jina la Kiswahili kitupu, Mnyamawamtuka moyowamkia, kwa kuwa pingili ya mkia wake ina umbo la moyo. Kinachopungua ni watu. Mwalimu wa fizikia ameniambia asubuhi hii kuwa wanaolichagua somo lake wakiingia Kidato cha Tatu wanazidi kupungua, na kwamba mizani ya maabara ni ile ile tuliyoiacha sisi.

Ndugu Mwenyekiti, ajenda ya mchana ina hoja ya kutumia fedha za mfuko wetu kujenga geti jipya. Naleta hoja nyingine mbele yake: fedha hizo zinunue vifaa vya maabara ya fizikia na vitabu vya hisabati, na zilipe posho ya mwalimu wa ziada kwa miaka miwili. Kompyuta tutazitafuta baadaye. Mimi naanza kwa kuchangia mshahara wangu wa mwezi mmoja, na karatasi ya kuandika majina iko hapa mezani.