Mikro ya kununua na akiba yetu



Kwaya inaomba tutoe feza katika sanduku ili inunue vyombo vya kurekodia nyumbani. Hatukatai. Lakini ile feza ni ya wamama waliouza mihogo na ndagala, basi tuangalie vizuri.

Sokoni kuna mikro iliyoandikwa BM-800, iko na mkono wa chuma na sponji, bei ndogo. Inapendeza macho. Ni ya kondensa: aina hii kwa kawaida inataka umeme wa volti 48, na ile waya yake ya kuchomeka kwenye kompyuta haileti nguvu hiyo. Mara nyingi unapata sauti ndogo yenye kuvuma. Tena inasikia yote: kuku, mvua juu ya mabati, jenereta ya jirani.

Kwa vyumba vyetu tunaona afazali mikro ya dinamiki, ile ya kushika mkononi. Haiombi umeme, na inachukua zaidi sauti ya aliye karibu. Ukiona Shure SM58 kwa dola 15, jua ni ya kuiga. Ya kweli inafika karibu dola 100. Si lazima kuikataa, ila tusilipe jina.

Mbele ya kulipa, turekodi dakika 1 ya kimya, kisha wimbo mmoja, tusikilize kwa kaske, si kwa bafle ya duka. Muuzaji akikataa, tutoke.

Na mablanketi mazito tuliyorudi nayo kutoka Nyarugusu, yatundikwe ukutani: yanakata mwangwi kuliko zile sponji nyembamba. Kwaya ijaribu hivyo kwanza na telefone. Jumapili watuletee ile sauti, ndipo tuongee bei.